Umeya wa Deqa Dhalac na hesabu isiyopigwa

Desemba 2021 Deqa Dhalac, Mwislamu wa hijabu na mzaliwa wa Mogadishu, alishika umeya wa South Portland, jimbo la Maine. Akawa Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Somalia kuwa meya nchini humo. Wapo walioshangilia kana kwamba ametwaa ikulu. Wapo waliobeza kwamba hicho ni kiti cha heshima tu.

Wanaobeza wana hoja, na msomaji wa Tanzania ataielewa upesi kwa kuwa utaratibu wenyewe anaujua. Wananchi hawampigii meya kura; madiwani saba huchaguana wenyewe, tena kwa mwaka mmoja. Meya huongoza vikao, lakini kura yake ni moja kama ya mwenzake. Kuandaa bajeti na kuajiri viko mikononi mwa meneja wa mji, ambaye kwetu ni mkurugenzi wa halmashauri. Anayeuliza Dhalac alibadilisha nini mwaka ule anamwuliza meya swali la meneja.

Hesabu inayopuuzwa ni ya kabla ya umeya. Mji una watu zaidi ya 26,000, na takriban tisa kati ya kumi ni Wazungu. Katika hao waliosalia ondoa wasio Wasomali, ondoa watoto, ondoa wasio raia na wasiojiandikisha. Wanaobaki hawatoshi kumpa mtu kiti, hata wakijitokeza wote. Minneapolis, mji wa jimbo la Minnesota, ina mitaa ambayo kura ya Wasomali huamua mshindi. South Portland haina. Alipoingia udiwani kwa uchaguzi mdogo wa Desemba 2018, alibebwa na majirani wasio na sababu ya ukoo wala ya dini kumchagua. Tutaambiwa kwamba uchaguzi mdogo huvuta watu wachache, na kikundi kilichojipanga hupenya. Ni kweli, ila uchache huo humwumiza zaidi mgeni: wanaotoka kwenye baridi ile kwenda kupiga kura ni wakazi wa siku nyingi, walipa kodi ya majengo wanaomjua kila diwani. Kisha wenzake, baada ya kukaa naye meza moja miaka mitatu, wakampa umeya kwa kauli moja.

Novemba 2022 akachaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo. Hapa wabezaji wapewe haki yao. Udiwani pale hauna chama, ubunge unacho, na South Portland ni ngome ya Democrats: ukishapitishwa na chama, Novemba ni kukamilisha ratiba. (Msomali mwenzake, Mana Abdi wa Lewiston, mji mwingine wa Maine, aliingia siku hiyohiyo, lakini mji wake una jamii kubwa ya Wasomali; habari yake ni nyingine.)

Hata hivyo Maine haimpi mwenye ukoo mkubwa njia ya mkato. Mgombea wa baraza hilo anayetaka fedha za umma za kampeni lazima kwanza akusanye dola 5 kutoka kwa watu wasiopungua 60, wote wapiga kura walioandikishwa katika eneo lake. Mchango wa binamu aliye Minneapolis hauhesabiwi, wala wa jirani wa upande wa pili wa mpaka wa eneo, ndiyo maana wenye uzoefu hukusanya zaidi ya 60. Na ukishaingia Augusta, makao makuu ya jimbo, wewe ni mmoja kati ya 151, unarudi kuomba kura kila baada ya miaka miwili, na baada ya vipindi vinne mfululizo unapisha.