Shilingi 40,000 Si Rushwa Ndogo

Wiki iliyopita nilikuwa nimeketi kwenye mgahawa wa shangazi yangu nikisubiri chai, alipoingia bwana mmoja mwenye daftari akaomba kuona leseni ya biashara. Shangazi akaitoa. Akaomba vyeti vya kupima afya vya wasichana wanaohudumu, navyo vikatolewa. Akaingia jikoni, akatoka, akasema kwa upole kabisa kwamba sakafu ile haikidhi vigezo na faini yake ni kubwa, "lakini, mama, tunaweza kuyamaliza hapahapa." Shangazi hakubishana. Aliuliza kiasi gani, akafungua kopo la fedha za mchezo wa akina mama, na shilingi 40,000 zikaondoka bila risiti.

Mgahawa ule humwachia faida ya shilingi 15,000 siku ikiwa njema. Bwana yule alichukua karibu siku tatu za kuamka saa kumi alfajiri, kuwasha mkaa na kukanda unga.

Tumezoea kuiita hii rushwa ndogo. Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyochunguza rushwa Tanzania mwaka 1996, ilitofautisha rushwa ya watumishi wa chini, ambayo chanzo chake ni kipato duni, na ile ya wakubwa, ambayo chanzo chake ni tamaa. Kwa mtu anayetafuta chanzo, mgawanyo huo una maana, nami nakubali kwamba mishahara ya watumishi wengi haitoshi. Lakini udogo huo umepimwa kwa mfuko wa anayepokea. Kopo la anayetoa halikupimwa. Kampuni kubwa ina mhasibu na wakili wa kujibu hoja ya sakafu. Shangazi ana kopo.

Kinachoniuma zaidi ni kilichofuata jioni. Shangazi huandika kila kitu kwenye kauntabuku: unga, mafuta, mkaa, mauzo ya siku. Ameifanya kazi hiyo kwa miezi minane kwa sababu anataka mkopo wa benki ili afungue mgahawa wa pili karibu na stendi, na aliambiwa kwamba benki itataka kuona kumbukumbu. Jioni ile aliishika kalamu kwa muda mrefu, kisha akaandika: "Mkaa, 40,000." Hongo haina mstari wake katika daftari. Ukiiandika umejishtaki, usipoiandika hesabu haifungi, na ukiivalisha jina la mkaa umeanza kuishi na daftari la uongo. Afisa wa mikopo atakayelisoma ataona mwanamke asiyejua kudhibiti matumizi ya mkaa. Mkadiriaji wa kodi naye ataona kumbukumbu zisizoaminika, na pale ambapo kumbukumbu haziaminiki, kodi hukadiriwa, na makadirio nayo ni mlango mwingine wa kuzungumza. Hivyo ndivyo biashara ndogo inavyobaki ndogo kwa miaka ishirini. Mwenye biashara anajua hesabu vizuri sana, ila anazuiwa kuziandika kwa ukweli.

Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, wengine walisema wanakwepa kodi. Wakwepaji wapo, sitalikana hilo. Lakini malalamiko yao mbele ya Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, pale Mnazi Mmoja, yalihusu pia kamatakamata na maafisa wanaodai rushwa, na Juni 2024 maduka yalifungwa tena, safari hii hadi mikoani.

Dawa ninayoiamini ni kumnyima afisa nafasi ya kupanga bei. Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyoanza kugawiwa Desemba 2018 vilikuwa na kasoro zake, lakini bei yake ilijulikana na kila mtu: shilingi 20,000. Malipo ya serikali kupitia namba ya malipo nayo yameondoa fedha taslimu katika madirisha mengi, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo namba hiyo hutolewa baada ya afisa kuamua kwamba kuna kosa na kwamba lina uzito gani, na uamuzi huo bado unafanyika jikoni, kwa mdomo, bila shahidi. Kila kosa na faini yake vibandikwe ukutani katika kila ofisi ya kata, mkaguzi asiruhusiwe kuondoka bila kuacha fomu aliyoitia saini, na mwenye biashara apewe siku za kurekebisha kabla ya kutozwa chochote.

Liko pia suala la hofu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 15, inamhesabu mtoaji kuwa mkosaji sawa na mpokeaji. Naelewa sababu yake, kwa kuwa wapo matajiri wanaonunua maamuzi kwa hiari yao. Lakini mwanamke aliyebanwa jikoni kwake hakununua kitu, na sheria inapaswa kumlinda waziwazi anapojitokeza kusema.

Nimemwambia shangazi kwamba namba ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ni 113 na kuipiga ni bure. Ameniuliza ni nani atakayekuja kukagua jiko lake wiki inayofuata.