Hii Siyo Bili

Bahasha ya kampuni ya bima imeingia jana, ya tatu kwa kidole kimoja. Juu kabisa, kwa herufi nene: HII SIYO BILI. Chini yake jedwali zima la madola. Hospitali imedai 1,912, bima imekubali hiki, imekataa kile, na pembeni kabisa "unaweza kudaiwa" 640. Unaweza! Kidole nilikikata mwezi wa pili nikigombana na kuku aliyeganda. Ganzi, nyuzi nne, dakika ishirini. Huu ni mwezi wa tano na bado sijui nadaiwa ngapi.

Siku ile niliuliza bei. Kwetu Tanzania hilo ndilo swali la kwanza, wakati mwingine kabla hata ya kusema unaumwa nini. Nesi, binti mpole wa hapahapa Burlington, jimbo la Vermont, Marekani, akanitazama kama niliyemuuliza mahari yake. "Usijali hayo sasa," akasema. Jamani, mimi nimekulia dirisha la malipo! Unapewa karatasi, unakwenda dirishani, unalipa, unarudi na risiti, ndipo daktari anainua kichwa. Glavu umekuja nazo mwenyewe, na dawa utaambiwa kanunue duka la nje. Dirisha lile nimelitukana tangu nina akili. Sikudhani siku moja, huku Vermont, nitalitamani.

Najua mmeshaanza. "Huyu naye, kala theluji miaka kumi na mitano, sasa shida zetu kwake ni kumbukumbu tamu." Subirini kwanza. Dirisha hilohilo lilimweka baba mdogo mochwari siku nne mpaka mchango ulipotimia, na nusu ya mchango ule niliutuma mimi, jasho la zamu za usiku za kugeuza wazee vitandani. Sijasahau. Nasema hivi tu: lile dirisha ni katili, lakini bei linaitaja usoni.

Hapa bei ni siri, na siri hiyo ndiyo iliyoua jambo zuri kuliko yote niliyoyaona katika nchi hii.

Nilikuwa bado mgeni, wanaharakati wakipita mlango kwa mlango kusema afya ni haki ya binadamu. Mei 2011 gavana Peter Shumlin akasaini Sheria namba 48. Kila mkazi wa jimbo atibiwe, na mlipaji awe mmoja, mfuko wa Green Mountain Care. Ushauri walikuwa wamepewa na William Hsiao, profesa wa Harvard aliyewasaidia Taiwan kuunda wa kwao. Nikapiga simu nyumbani kujisifu kana kwamba sheria nimeitunga mimi. Na jimbo lenyewe lina watu laki sita na ushee! Kinondoni ya sensa ya 2012 ingelimeza mara mbili na bado ingesema ina njaa. Nikajiambia, kitu kama hiki kikishindikana hapa, basi tena.

Kikashindikana. Miaka mitatu na nusu swali likawa lilelile: nani alipe, na alipe ngapi? Uchaguzi wa Novemba 2014 ukaja na kupita bei haijatajwa, gavana akaponea chupuchupu. Disemba 17 akaitaja: waajiri watozwe asilimia 11.5 ya mishahara wanayolipa, na familia zichange kwa kadiri ya kipato, hadi asilimia 9.5. Kwa pumzi ileile akasema haiwezekani, anaachana nayo.

Kesho yake kazini mama mmoja, mwenyeji kabisa, akashika kichwa. Tisa na nusu! Nikamuuliza bima yake ya sasa inamkata ngapi. Hajui. Mwajiri anaongezea ngapi? Hajui. Amefanya kazi miaka 22. Tukakaa chumba cha chai na karatasi yake ya mshahara, tukajumlisha makato, na zile bahasha za "siyo bili" pamoja na bili zenyewe zilizozifuata. Alikuwa ameshaivuka tisa na nusu zamani. Akanyamaza, kisha akasema, "Lakini hii sikuwa naiona."

Ndiyo hivyo. Wanalipa gizani mwaka mzima, lakini akija mtu kuwasha taa waone noti zinavyotoka, anayefukuzwa ni mwenye taa. Jimbo la Colorado walipigia kura mfuko kama huo 2016, bei imeandikwa wazi kuwa asilimia 10 ya mshahara, mwajiri theluthi mbili, mfanyakazi theluthi moja. Karibu asilimia 79 wakasema hapana. California mwaka uliofuata wakajaribu kinyume chake: muswada wa mlipaji mmoja ukapita Seneti ya jimbo bila kueleza fedha zitatoka wapi, spika wa bunge la chini akaufungia kabatini kwa sababu hiyohiyo.

Na msiniletee habari ya "Marekani kubwa, haiwezi". Nikiwasha gari, saa mbili hivi niko Montreal, na Kanada bima ya wote ilianza na jimbo moja tu, Saskatchewan, 1962. Madaktari wakagoma siku 23 kuipinga. Serikali ikakaza.

Mwingine ataniambia mambo ya Vermont yananihusu nini, wakati kwetu Bunge limeshapitisha bima ya afya kwa wote, 2023. Limepitisha, na nilijivuna nalo kazini wiki nzima! Hawa hapa wamekwama na watu laki sita. Lakini ndugu zangu, Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto, mnaikumbuka: shilingi 50,400 kwa mwaka, bei tamu, watu wakakimbilia wakiwa na mtoto mgonjwa tayari mgongoni, na mwaka huohuo wa 2023 mlango ukafungwa. Nikauliza bei ya hii mpya, ya wote, nikaambiwa nimeanza kiburi cha ughaibuni. Kuuliza bei? Mimi, mtoto wa dirishani?

Nisiwaonee wenyeji wangu, watoto wao wana Dr. Dynasaur, bima ya watoto ya jimbo, tangu 1989, na mwanangu alitolewa tezi za koo bila senti.

Nyuzi za kidole sikurudi hospitali. Alinitoa mama mmoja wa Bukavu ninayefanya naye kazi, aliyekuwa nesi kwao miaka mingi. Nikamkalisha jikoni, nikanyoosha mkono. Hakugusa mkasi. "Bei kwanza," akasema. "Chai, na maandazi sita." Nikakanda unga kwa mkono mmoja.