Bado Tano

Naandika leo Jumatano kwa sababu yule Mkenya ninayeishi naye ameshatuma video kwenye magrupu matatu, na kwenye grupu la ukoo shangazi ameuliza kama nimeanza kunywa. Shangazi, shikamoo. Sijaanza. Ngoja niseme mwenyewe, maana Mkenya akisimulia anaongeza chumvi, na hii ina chumvi ya kutosha.

Mnajua nipo Baton Rouge, Marekani, mji wa LSU, yaani Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana. Mnajua pia mimi ni Mwananchi wa damu, shabiki wa Yanga. Shikeni hayo mawili, ndiyo yaliyoniua.

Besiboli sikuwa naijua. Nimefundishwa msimu huu wa 2023 na Bibi mwenye nyumba wetu, anayekaa upande wa mbele. LSU wakicheza lazima aniite sebuleni, anijazie sahani ya jambalaya (pilau la wenyeji, lina soseji ndani, msinianze) na kunionyesha nani ni nani. Huyu Paul Skenes, anarusha mpira kama unamdai. Huyu Dylan Crews. Huyu Tommy White, ambaye raundi ya 11 aliupiga mpira ukaangukia jukwaani, tukawatoa Wake Forest 2-0, na Bibi akanikumbatia mpaka miwani yake ikanasa kwenye ndevu zangu. Toka siku hiyo nikajiona mtaalamu. Nilikuwa natoa na maoni.

Basi fainali ya besiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, kule Omaha, sisi na Florida. Jumamosi tukashinda 4-3. Jumapili tukala 24-4. Ishirini na nne, jamani! Hakuna timu iliyowahi kupata pointi nyingi hivyo katika mechi moja ya mashindano yale. Nikarudi chumbani, nikakaa kwenye ncha ya kitanda, nikapiga hesabu. Sisi 4 na 4, nane. Wao 3 na 24, ishirini na saba. Tupo nyuma 19.

Hapa naomba mnihurumie kidogo, hata nyie wa Simba. Wiki tatu tu zilikuwa zimepita tangu Algiers, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga na USM Alger. Tumefungwa 2-1 Dar, tumekwenda kwao tukashinda 1-0, jumla 2-2, kombe limebaki kwao kwa goli la ugenini. Mtu aliyetoka kwenye msiba ule, ukimwambia fainali ina mechi zaidi ya moja, kichwa chake kinajumlisha chenyewe, hakiombi ruhusa. Nilimshukuru hata Mungu kwamba Omaha ni ugenini kwa wote.

Jumatatu nikaamka nikakaanga maandazi, bakuli zima, maana kwa wafiwa huendi mikono mitupu. Nikavaa shati jeusi. Ndiyo, shati jeusi, Mkenya hajadanganya hapo. Jioni nikabisha hodi kwa Bibi, nikakuta sebule imejaa watu wa zambarau na dhahabu, wanaimba. Nikamshika Bibi mkono kwa mikono miwili, nikampa pole. Akaniambia, "Leo tunawamaliza." Nikatikisa kichwa polepole, vile unavyomwitikia mjane anayesema marehemu ametoka tu, atarudi.

Mechi ikaanza, Florida wakapata 2. Nikachukua tishu, nikaandika: 21. Raundi ya pili vijana wakapata 6. Sebule ikalipuka. Mimi nikafuta, nikaandika: 15. Mzee mmoja mnene aliyekaa karibu yangu akaniuliza mbona nimepoa. Nikamwambia, "Mzee wangu, safari bado ndefu." Akaniangalia kama mtu mwenye busara nyingi. Laiti angejua.

Pointi zikaendelea kumiminika. Na hapo ndipo nilipoharibikiwa, kwa sababu nilianza kuamini. Wenzangu walikuwa wameshatulia, wanakula, wanapiga soga, tunaongoza kwa mbali. Mimi ndiye niliyekuwa nimepiga magoti mbele ya runinga, nimeshika tishu, jasho linanitoka, nasema "twende, twende, hatujafika!" Bibi akawa anamwambia dada yake, mnaona mapenzi hayo? Huyu ni wetu kabisa.

Ikawa 18-4. Mshambuliaji wa mwisho wa Florida akatolewa.

Nataka twende taratibu hapa. Glovu zikarushwa juu. Vijana wa LSU wakakimbilia katikati ya uwanja, wakarukiana, wakajipanga mmoja juu ya mwingine kama magunia ya mkaa. Nyuma yangu sebule nzima imesimama, watu wanalia, mtu kamwaga soda. Na mimi, moyoni, naona maafa. Naona vijana wa watu wanashangilia kombe wasilolichukua, mbele ya taifa zima, na hakuna mtu mzima wa kuwaambia. Nikainuka. Nikasimama mbele ya runinga, nikaiziba yote, nikanyanyua tishu juu, na kwa Kiingereza changu chote nikapiga kelele:

"Bado tano! Kaeni chini! Wanashangilia nini hawa? BADO TANO!"

Kimya.

Si kimya cha kukasirika, hicho ningekikimbia tu. Ni kile kimya ambacho watu wanajiuliza kama wapige simu hospitali. Soda ilikuwa bado inadondoka kutoka mezani, nilisikia tone moja moja. Mzee mnene akaninyang'anya tishu kwa upole, akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Thelathini na moja... ishirini na sita." Akaigeuza nyuma. Akaigeuza tena. Bibi akasema, "Mwanangu, hiki ni nini?" Nikamweleza. Nikaeleza mechi ya kwanza, nikaeleza marudiano, na Mungu anisamehe, nikaeleza goli la ugenini.

Mjukuu wa Bibi, yupo darasa la tatu, akanivuta shati. Lile jeusi. Akaniambia taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuvuka barabara: "Ni mechi tatu. Ukishinda mbili, umechukua. Hawajumlishi."

Hawajumlishi, ndugu zangu.

Yaliyofuata sina nguvu nayo. Walicheka, Mzee mnene alilala sakafuni, nikavalishwa kofia ya zambarau, Mkenya kumbe alikuwa anarekodi tangu Florida wapate zile 2 za mwanzo. Ni ubingwa wa saba wa LSU, wa kwanza tangu 2009, na tishu yangu imebandikwa kwenye friji kwa sumaku. Maandazi yaliisha yote.

Nyie mnaonitumia video hiyo hiyo kana kwamba sijaiona, jibuni kwanza: kati ya 31 na 26, kubwa ni ipi?

Leo asubuhi mlango umegongwa. Mjukuu, na bakuli langu mikononi. Akasema bibi ameyapenda maandazi, anaomba nimkaangie mengine. Nikafurahi, nikamuuliza mangapi.

Alijitahidi sana kukaza uso.

"Tano."