Lubugo isiwe pambo tu la picha

Siku hizi wachoraji wengi wa Kampala wanabandika lubugo, yaani kitambaa cha gome la mti, kwenye picha za watu. Mimi nauliza: inafanya kazi gani pale?

Kwa Waganda hicho si kitambaa cha kawaida. Gome la mti wa mutuba huambuliwa, kisha shina huvikwa majani ya mgomba ili lipone na kuotesha gome jingine. Mafundi hulitwanga kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka lipanuke na kulainika, halafu jua hulipa ule wekundu wa udongo. UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2005. Tena maiti huzikwa ndani ya lubugo. Kwa hiyo mchoraji akiiweka mahali pa ngozi ya mtu, amesema jambo zito hata kabla hajachora jicho.

Mchoraji Collin Sekajugo analijua hilo. Huchukua zile picha za matangazo zinazouzwa mtandaoni, ambazo watu wake aghalabu ni Wazungu, akazichora upya watu hao wakiwa weusi, akiunga vipande vya lubugo na vitambaa. Tabasamu la tangazo ni lilelile, anayetabasamu ndiye mwingine. Mwaka 2022 yeye na msanii mwenzake Acaye Kerunen waliiwakilisha Uganda kwenye maonyesho ya sanaa ya kimataifa kule Venice, Italia, nchi ikiwa na banda lake kwa mara ya kwanza.

Sungi Mlengeya, mchoraji Mtanzania ambaye kazi zake huonyeshwa na Afriart Gallery ya hapa Kampala, yeye haongezi kitu, anapunguza. Gauni jeupe la mwanamke na nafasi iliyo nyuma yake vyote huachwa vyeupe, bila mstari wa kuvitenganisha. Unaona uso, mikono, miguu, na gauni unalishona mwenyewe kwa macho. Kwangu hakuna anayemfikia kwa ujasiri huo.

Naye msanii Odur Ronald, kwenye maonyesho hayo ya Venice mwaka 2024, alionyesha pasipoti za alumini. Aliyewahi kupanga foleni ya viza ataelewa mara moja kwa nini si za karatasi.

Lakini zipo picha nyingi ambazo msichana amechorwa vizuri, kisha lubugo imebandikwa nyuma yake ili mnunuzi wa ng'ambo aione Uganda. Hizo zinaniuma. Jamani, kabla ya kushika gundi, ifunikeni hiyo lubugo kwa karatasi mtazame. Kama picha haijapungukiwa na kitu, mrudishieni fundi gome lake.