Scindia, msaliti wa nani?

Watu wa Congress, chama kikongwe cha India, wakimtaja Jyotiraditya Scindia, mwanasiasa aliyewahama mwaka 2020 akaenda kwa wapinzani wao wa BJP, neno la kwanza kuwatoka ni "msaliti". Mimi naona wanajipendelea. Mwenye haki ya kununa ni mpiga kura wa Madhya Pradesh, jimbo ambalo serikali yake iliangushwa kwa kuhama huko.

Huwezi kumwelewa bila kuujua ukoo wake. Hawa walikuwa maharaja, yaani wafalme, wa Gwalior katika jimbo hilo, na siasa kwao ni kama urithi wa nyumba. Bibi yake, Vijaya Raje, aliingia bungeni kwa Congress mwaka 1957, wakagombana, na mwaka 1967 akaiangusha serikali yao ya jimbo kwa kuwatumia wabunge waliohama. Baadaye akawa miongoni mwa waasisi wa BJP. Baba yake, Madhavrao, alianzia upande wa mama yake huyo, kisha akaenda Congress, na mwaka 1984 akamgaragaza Atal Bihari Vajpayee, kigogo wa BJP, palepale Gwalior. Kwa hiyo anayeniambia Jyotiraditya alifanya jambo la ajabu, namcheka kidogo.

Yeye alikipata kiti cha ubunge wa taifa cha Guna, humohumo jimboni, mwaka 2002, baada ya baba kufa katika ajali ya ndege. Alikishikilia mpaka 2019, alipoangushwa na Krishna Pal Singh Yadav wa BJP, ambaye zamani alikuwa mfuasi wake. Kinyongo kilikuwa kimeshaanza. Katika uchaguzi wa jimbo wa mwaka 2018 alizunguka huku na huku kuiombea Congress kura, chama kikapata viti 114 kati ya 230, BJP 109, halafu uwaziri kiongozi, yaani ukuu wa serikali ya jimbo, akapewa Kamal Nath. Februari 2020 Scindia akatishia kuingia barabarani kuwatetea walimu wa muda. Nath akajibu kwamba basi na aingie. Kejeli ya gharama kubwa!

Machi mwaka huohuo Scindia akaingia BJP, na wabunge 22 wa jimbo walio upande wake, wengi wao wakiwa wamehifadhiwa hotelini Bengaluru, wakajiuzulu. Sheria ya India ya mwaka 1985 humvua kiti mbunge anayekiasi chama chake. Ila anayejiuzulu mwenyewe, kisha akarudi kwa tiketi ya chama kingine, haimzuii. Wakitoka 22, idadi inayohitajika kuunda serikali inashuka, na walioshindwa wanajikuta ndio wengi. Nath aliondoka tarehe 20 Machi. Siku tatu baadaye akaapishwa Shivraj Singh Chouhan wa BJP, yuleyule aliyeng'olewa na uchaguzi wa 2018.

Yaliyofuata ndiyo yanayonikera zaidi. Katiba inamruhusu asiye mbunge kuwa waziri kwa miezi 6. Tulsi Silawat na Govind Singh Rajput, watu wa Scindia, walikula kiapo Aprili bila kiti chochote. Oktoba muda ukawaishia kabla ya uchaguzi mdogo, wakaachia ngazi. Novemba wakashinda, Januari wakarudi uwaziri. Yote halali kabisa.

Ningekuwa na uwezo, ningeongeza kifungu kimoja: ukijiuzulu ili uhamie chama kingine, unasubiri uchaguzi mkuu ujao, na uwaziri unausahau hadi hapo. Wapo watakaosema namnyima mtu haki ya kubadili mawazo. Abadili atakavyo, lakini serikali waliyoichagua watu aiache.

Watetezi wake hunitajia 2024, Guna ilipomrudisha, safari hii kwa BJP, kwa tofauti ya kura zaidi ya 540,000. Akapewa wizara ya mawasiliano, baada ya ile ya usafiri wa anga ambayo baba yake naye aliwahi kuiongoza. Sawa, Guna imemkubali. Lakini serikali iliyoangushwa ilikuwa ya jimbo zima, na Guna haiwezi kumsamehe kwa niaba ya wengine.

Na yule Yadav? Aliipa BJP ushindi ambao wachache waliutegemea, tena nyumbani kwa mkubwa. Mwaka 2024 chama kilimnyima tiketi, kikampa Scindia.