Simu imenyamaza wiki ya tatu sasa

Jumanne nilitoka shifti ya usiku, nikalala, nikaamka saa nane mchana na simu haijalia hata mara moja. Nikadhani imeisha chaji. Kuangalia, asilimia 64. Hii simu kwa mwaka mzima na nusu imekuwa ikilia mara tisa mara kumi kwa siku, namba za majimbo sijawahi kukanyaga, wote wanataka kuongea na mimi ama na bwanangu, Baba Ciku, kuhusu kadi za mkopo. Sasa kimya. Tangu wakili apeleke karatasi zetu kortini, sheria ya huku inawaambia wote wanaotudai wakome, hakuna kupiga simu, hakuna barua, hakuna kushtaki, mwenye neno akaongee na korti.

Mtu wa Nakuru hazoei kitu kama hiyo haraka. Kwetu anayekudai akinyamaza jua ako njiani anakuja.

Ndiyo, tumefilisika, mimi na bwanangu, hapa Minnesota, na naisema mwenyewe kabla ifike mtaani kwetu Free Area, Nakuru, ikiwa imeongezwa chumvi. Kadi saba, dola 41,000. Na kabla useme tulikuwa tunakula raha, kadi moja ya dola 8,000 kwa riba ya asilimia 27 inakula dola 180 kila mwezi, riba peke yake, kwa hivyo unalipa 260 ukijisifu umelipa na deni limeshuka 80. Mara saba. Halafu gari inaharibika kwa barafu unaiweka kwa kadi, shosho analazwa unaweka kwa kadi, nauli ya kwenda kumzika unaweka kwa kadi.

Lakini si hiyo ndiyo ilinifanya niandike. Ni ile meza.

Wakili alitupatia fomu tukajaze nyumbani mezani. Huku bwana na bibi wanaweza kuingia kortini na ombi moja, ada moja, dola 313 kwa ile aina ya kufilisika tulichagua, mradi muwe mmeoana kisheria (wale wa kuishi tu bila cheti hapo hawapiti, kila mtu na lake). Sasa hiyo fomu inataka kila deni, la nani, ngapi, na mwisho mnasaini wote wawili mkijua kudanganya ni kosa la jinai. Saa tano usiku, ugali umeshakauka kwa sufuria, naandika, nafika kadi ya sita, nadhani tumemaliza. Baba Ciku akanyamaza akiangalia friji. Halafu akasema, "Mama, kuna ingine." Alikuwa amemchukulia ndugu yake mashine ya posho mill, ya kusaga unga, kule Molo. Nilitaka kupandisha sauti nikakumbuka ya nne kwa ile orodha, yenye nilikuwa nimemwambia ni ya tairi na bima, ni mabati ya mamangu pale Bahati. Tukaangaliana tu.

Na kuna laini moja kwa fomu ya matumizi ya mwezi, inauliza pesa unazotoa kusaidia watu wasioishi na wewe. Laini moja tu jamani! Tulikaa hapo karibu saa nzima. Fizi ya shule ya watoto wa marehemu kaka, dawa ya presha ya baba, chama cha akiba, michango ya kanisa, yule binamu wa "niokolee tu na elfu mbili". Miaka kumi na moja ya ndoa na hatukuwa tumewahi kujumlisha hiyo kitu pamoja, kila mtu alikuwa anatuma kwa simu yake akiwa bafuni.

Sasa linganisha na nyumbani, na msiniambie najiskia kwa sababu mimi nimetoka huko huko. Nani Nakuru anajua deni la bibi yake? Nikiwa msichana Langa Langa wamama wa chama walikuja na mkokoteni kwa jirani asubuhi, wakabeba makochi, wakabeba mtungi wa gesi, na bwana wa huyo mama jirani alikuwa ameketi kwa hiyo kochi anakunywa chai. Ilibidi ainuke. Ndio mara ya kwanza alisikia kulikuwa na mkopo. Na yeye mwenyewe, ilijulikana baadaye, alikuwa ameweka logbuku ya pikapu kwa shailoki, wale wakopeshaji wa riba kali. Siku hizi ni Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, na zile apu za mkopo, deni liko mfukoni mwa mtu na pasiwadi juu yake, mnalala kitanda kimoja na hakuna mwenye anajua.

Najua kuna anti atanitolea Zaburi ya 37, asiye haki hukopa wala halipi. Sawa anti, lakini rudi nyuma mpaka Kumbukumbu la Torati 15 uone madeni yalikuwa yanaachiliwa kila baada ya miaka saba, na hao hawakuwa Wamarekani. Halafu nani amekwambia hatulipi? Kuna aina ya kufilisika inaitwa Chapta 7, hiyo inaisha kwa miezi michache, lakini msimamizi wa korti anaweza kuuza mali inayozidi kile sheria inakuruhusu kubaki nacho. Sisi tuna ploti Kiamunyi, huko Nakuru. Baba Ciku akamuuliza wakili, kwani watajuaje? Wakili akamwangalia tu. Mali ni mali hata ikiwa mwezini, unaandika. Kwa hivyo tukaingia Chapta 13, tunalipa kwa mpango kutoka kwa mshahara kila mwezi kwa miaka mitano, ploti inabaki, na rekodi yetu ya mkopo inakaa na hilo doa miaka saba. Huo ndio wizi mnasema?

Na hata Kenya sheria iko, ya 2015, kuna hadi utaratibu wa mtu asiye na mali mwenye deni la kati ya shilingi laki moja na milioni nne. Nitajie mtu mmoja Shabab ama Kaptembwo ameitumia. Tunachojua ni kuhama usiku na kubadilisha laini ya simu. Labda wanasiasa ndio wanaogopa kufilisika, kwa sababu Katiba inawafungia bunge.

Lakini huku pia kunaniudhi, wacha niseme. Kwa chama ukikosa mwezi mmoja mama treasurer anakuja kwako na mkate, anaketi, anakuuliza kuna nini nyumbani. Huku nilizama mpaka shingo na mtu pekee aliyejua ni kompyuta, na hiyo kompyuta ilikuwa inanitumia kadi ingine kwa posta. Halafu baadaye sheria inakulazimisha ufanye kozi ya bajeti kwa intaneti kabla madeni yafutwe, kila mtu yake. Mimi, niliyeweka vitabu vya merigorandi, ile ya kuchangiana pesa kwa zamu, nikiwa miaka kumi na tisa, nafunzwa tofauti ya hitaji na tamaa.

Jana simu ililia hatimaye. Nikaruka. Kumbe ni shemeji wa Molo, mashine imevunjika beringi. Zamani ningesema subiri kidogo nikaingia bafuni. Nikaweka spika, nikaita Baba Ciku, tukafungua ile karatasi tukaangalia ile laini. Imebaki dola 35 na leo ni tarehe kumi na nne.

Beringi ni ngapi siku hizi?