Injini Iliyopumua kwa Nyuma

Mashine yangu ya kukoboa mpunga pale Ifakara ilikuwa ikiendeshwa na injini ya pampu ya maji, ile ndogo ya petroli ya silinda moja, cc 196, nguvu farasi 6.5. Ukimimina mpunga kwa adabu, inakwenda. Ukimwaga debe zima kwa pupa, inakohoa, inazima, na wateja wanaanza kuangalia mashine ya jirani.

Nikapata injini ya pili, pacha wake kabisa, kwa bwana mmoja aliyeachana na kilimo cha nyanya. Wazo likanijia usiku: nikiziunga shafti kwa shafti, si nina injini ya silinda mbili, farasi 13? Nikamwamsha mke wangu kumweleza. Akaniambia nizime taa.

Kilichoninyima usingizi wiki nzima ni mapigo. Injini ya mapigo manne huchoma mara moja kila shafti ikizunguka mara mbili. Mimi nilitaka hii ichome, mzunguko mmoja upite, ndipo ile ichome, zipokezane kama wanawake wawili kwenye kinu kimoja. Nikafungua mifuniko ya valvu, nikachora alama kwa chaki, nikahesabu, nikafuta, nikahesabu tena. Fremu nikachomelea kwa vyuma vya kitanda. Injini zikakaa zikitazamana, shafti za robo tatu inchi zikakutana katikati, kwenye kaplingi aliyonikerezea fundi vyuma, na puli ya mkanda juu yake. Imenyooka hiyo! Nikaipiga picha.

Siku ya kuwasha, mzee mmoja mteja wangu akavuta kigoda, akakaa jirani na injini ya pili, usawa wa kabureta, pale injini inapovutia hewa na petroli. Chujio la hewa halikuwepo, bwana wa nyanya alishalipoteza.

Nikavuta kamba. Nzito! Mara ya nne, mguu nimekanyaga fremu, injini ya kwanza ikanguruma. Ya pili nilitaka izungushwe kwanza ndipo niwashe swichi yake. Haikungoja swichi. Kabureta ikaanza kumtemea mzee petroli usoni: pfu, pfu, pfu.

"Fundi! Mashine yako inanitemea mate!"

Nikadhani floti, kile kielea kinachozuia petroli isifurike kwenye kabureta, imekwama. Nimeinama tu, nikaona kipande cha gazeti, kile kilichofungiwa vitumbua asubuhi, kimeganda kwenye mdomo wa ekzosi. Nikakibandua. Kikarudi. Nikaweka kiganja: ekzosi inavuta. Tangu nianze ufundi sijawahi kukutana na ekzosi inayovuta.

Nikazima, nikawasha kwa kamba ya injini ya pili. Safari hii ya kwanza ndiyo ikavuta kwa ekzosi na kutema kwa kabureta. Mzee naye, baada ya kunawa uso kwa sabuni, alikuwa amehamishia kigoda upande huo.

Saidia fundi wangu, dogo mpole sana, akaja akasimama mbele yangu.

"Fundi, zungusha kidole kama injini yako."

Nikazungusha. Naye akazungusha chake vilevile, tumetazamana. Upande wa mlangoni changu kinashuka, chake kinapanda. Nikanyamaza. Kumbe kila injini ilikuwa ikimburuza mwenzake kinyumenyume, na injini ya mapigo manne ukiizungusha kinyume, mlango wa kuingilia unakuwa wa kutokea.

"Umegundua lini?"

"Juzi, ulipokuwa unachora chaki."

"Mbona hukusema?"

"Ulisema usisemeshwe, unahesabu."

Siku hizi zimekaa bega kwa bega, kila moja na mkanda wake kwenye puli za shafti moja. Hakuna cha kupiga picha hapo, ila mpunga unakobolewa. Mzee bado ananiletea magunia yake. Ila kabla hajakaa, anachana gazeti vipande viwili, anaweka kimoja kwenye kila ekzosi, anasubiri niwashe. Vikipeperuka vyote viwili, ndipo anavuta kigoda.